Nishani ya Mtoro

Sehemu ya saba

Mkono bado uko palepale, msomaji. Ulipolikunja gazeti wiki iliyopita ulikuwa juu ya jalada, na leo haujasogea hata kidogo: mkono mnene, unang'aa mafuta, saa ya dhahabu kwenye kifundo, umelala juu ya ukurasa ambao Cheche alikuwa ndiyo kwanza anaufungua katika chumba cha kusomea cha nyumba ya kumbukumbu.

Cheche hakuhitaji kugeuka. Saa ile aliijua tangu utoto. Ndiyo iliyokuwa ikigongagonga meza katika vikao vya ukoo kila baba yake alipotaka kusema neno, na baba yake akalimeza neno lake.

"Funga hilo jalada," alisema Baba Mkubwa.

Siku zote Cheche humwamkia kwa heshima zote, hata akiwa na hasira naye. Leo shikamoo ilimkwama kooni, na akaiacha ikwame.

"Umefuata nini huku?"

"Nimefuata nishani ya baba yangu! Nimekwenda karakana kwako, nakuta geti limeegemezwa ukutani, nishani haipo. Jirani yako ananiambia umekwenda nayo kusoma makaratasi ya vita. Nani kakutuma?"

"Ssss!"

Aliyewanyamazisha ni mama mwenye miwani ya kamba, mtunza nyaraka. Wasomaji wa pale humwita Bibi Penseli, maana mlangoni anakupokonya kalamu ya wino na kukupa penseli yake, na ole wako uitafune. Alikuwa ameshamrudisha Cheche bombani mara mbili asubuhi ile, anawe masizi ya vyuma kabla ya kugusa karatasi yoyote.

Wewe uliyeanza leo, sogea nikupe kwa ufupi. Cheche ni binti, fundi wa kuchomelea vyuma, na jina lile alipewa kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya hasira zake pia. Ukoo wao umemwagiza atengeneze geti la makaburi ya familia, lenye majina ya wazee yaliyokatwa kwa chuma. Juu kabisa liwepo jina la Babu Mkubwa, baba yake huyu mwenye saa, na chini ya jina hilo fremu yenye kioo, ndani yake nishani aliyorudi nayo kutoka vitani.

Jina la babu yake Cheche halimo. Babu huyo alikuwa mdogo wake Babu Mkubwa. Waliingia jeshini siku moja, foleni moja, mmoja nyuma ya mwenzake. Mkubwa akarudi na nishani kifuani, akasema mdogo wake alitupa bunduki akakimbilia porini. Toka siku hiyo nyumba ya yule mdogo ikaitwa kwa mtoro. Baba yake Cheche ni mtoto wa mtoro. Cheche, shule nzima, mjukuu wa mtoro. Bibi yake alizikwa mke wa mtoro, na neno lake la mwisho alimwambia Cheche: "Mtafute mume wangu."

Jumamosi geti linasimikwa. Yaani mtoto wa watu kapewa chuma, kaambiwa kwa mikono yake mwenyewe atengeneze geti la kumfungia babu yake nje. Wewe ungekubali?

Cheche hakukubali. Pale kwenye kumbukumbu wanajeshi wa zamani hawatafutwi kwa majina, maana majina yanafanana mno. Wanatafutwa kwa namba ya askari. Namba ya babu yake hakuwa nayo. Lakini alipokuwa anaipima nishani aitengenezee fremu, aliona namba imechongwa kwenye ukingo wake. Akapiga hesabu. Ndugu wawili, foleni moja, namba zao lazima ziwe jirani. Akaomba jalada la namba ya nishani na jalada la namba inayofuata. Yote mawili yapo mezani. Lililo wazi ni lile la pili, na juu yake ndipo ulipo mkono.

Haya. Twende.

"Nilikupa nishani uiwekee fremu," Baba Mkubwa alinong'ona, mate yakimruka. "Sikukwambia uizungushe mjini kama njugu!"

"Sijaizungusha. Ina namba ukingoni. Ulikuwa unajua?"

Baba Mkubwa akavuta kiti, akaketi, mkono wake ukiwa bado umelala kwenye karatasi. Sauti yake ikabadilika ghafla, ikawa laini.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi na wewe tumekwaruzana sana, na mimi ni mtu mzima, nakiri. Jina la babu yako liweke kwenye geti."

Cheche alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Liweke. Chini kidogo ya la baba yangu, lakini liwepo. Kikao nitakimudu mimi. Funga jalada, nipe nishani, twende zetu nyumbani."

Loo! Kile alichokiomba kwa adabu, kisha kwa machozi, kisha kwa matusi, leo kinatolewa bure mezani. Mtu mwingine angefunga jalada na kushukuru Mungu. Cheche akabaki anamtazama. Miaka yote huyu amekataa, amemtukana baba yake Cheche mbele ya wakwe, leo anakubali kwa kunong'ona?

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu nakuhurumia! Kuna mambo mengine bora mtu asiyaone kwa macho yake."

Hapo ndipo Cheche alipoona. Chini ya kidole kidogo cha Baba Mkubwa palikuwa na neno moja limegongwa kwa muhuri mwekundu, limefifia lakini linasomeka.

Mtoro.

Basi kumbe ni kweli. Shule nzima waliokuwa wakimzomea walikuwa wanasema kweli. Bibi alikufa na neno hilo, na neno hilo lilikuwa kweli.

"Umeridhika sasa?" alisema Baba Mkubwa taratibu. "Nilitaka kukukinga na aibu. Wewe kichwa ngumu, umeitafuta mwenyewe."

Cheche hakutaka kulia mbele ya mtu huyu. Mbele ya yeyote, lakini si mbele ya huyu. Akanyoosha mkono akashika kona ya jalada alifunge.

"Mzee," ilisema sauti juu yao. "Mkono."

Bibi Penseli alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Samahani?" Baba Mkubwa alijifanya hakuelewa.

"Mkono wako uko juu ya karatasi. Karatasi hizi hazilaliwi. Utoe."

"Mama, unazungumza na mwalimu mkuu mstaafu."

"Hata uwe umestaafu mbinguni. Mkono una mafuta, unanichafulia. Toa."

Msomaji wa meza ya pili alicheka puani. Baba Mkubwa aligeuka kumkazia macho. Lakini mkono hakuutoa.

Na hapo Cheche akaacha kulia kabla hajaanza. Maana aliwaza hivi: mtu aliyeshinda anaegemea kiti, anafurahi. Huyu ameshinda, neno limeonekana, mbona bado amekandamiza karatasi kama amefunika mende? Chini ya mkono ule kuna nini tena?

"Baba Mkubwa, toa mkono."

"Wewe mtoto..."

Cheche akamshika kifundo, palepale penye saa, kwa vidole vilivyozoea koleo. Akauinua mkono ule akauweka kando mezani, taratibu, kama mtu anayehamisha chuma cha moto.

Juu ya ukurasa, mahali kiganja kilipokuwa, paliandikwa jina la mwenye jalada.

Lilikuwa jina la Babu Mkubwa.

Cheche alilisoma. Akalisoma tena kwa kufuata kila herufi kwa ncha ya penseli, bila kugusa. Jina la Babu Mkubwa, jina la baba aliyemzaa, kijiji chao. Na chini yake muhuri mwekundu: mtoro.

"Hayo ni makosa ya makarani," alisema Baba Mkubwa haraka. "Makarani wa zamani walikuwa walevi..."

Cheche hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshalivuta jalada la kwanza, lile lenye namba ya nishani. Akalifungua.

Jina la babu yake.

Akatoa kitambaa kwenye mfuko wa ovaroli, akakifungua, akaigeuza nishani kwenye mwanga wa dirisha. Namba ya ukingoni na namba ya jalada zilikuwa moja.

Waliandika maneno machache tu juu yake, mkato mkato, kama makarani wanavyoandika. Kwamba askari huyu alirudi mtoni chini ya risasi kuwabeba majeruhi. Kwamba alirudi tena. Kwamba mara ya mwisho alibebwa yeye. Alikufa katika hospitali ya mahema, akazikwa hukohuko. Nishani yake walikabidhiwa ndugu zake baada ya vita. Mahali pa mpokeaji paliandikwa: kaka wa marehemu. Pembeni pana alama ya dole gumba.

Utaniuliza, mtoro alipata wapi ujasiri wa kwenda kupokea nishani? Vita vikishaisha, ndugu yangu, nani anahangaika na watoro? Alitoka huko alikojificha, akaenda kama kaka mwenye msiba, akapokea kwa niaba ya marehemu. Njiani, sijui kwenye kona gani, akaitoa mfukoni akaibandika kifuani. Alipofika nyumbani ilikuwa yake. Na ili iwe yake kabisa, ikabidi marehemu awe mtoro.

"Mwizi!"

Cheche hakunong'ona. Chumba kizima kiligeuka. Mzee mmoja aliangusha penseli.

"Baba yako mwizi! Kamwibia maiti! Kamwibia mdogo wake mwenyewe, tena mdogo wake amekufa!"

"Punguza sauti!"

"Sipunguzi! Nyinyi mmepiga kelele miaka yote, sisi tukanyamaza. Leo zamu yangu!"

"Baba yangu ni marehemu, hawezi kujitetea!"

"Na babu yangu alikuwa nani? Alikuwa hai?"

Baba Mkubwa akasimama. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza Cheche aliona ni mzee kweli, mashavu yamelegea. Lakini kinywa kilikuwa bado kile kile cha vikao.

"Leo hii nakuja na lori. Nachukua geti langu na nishani. Huna kazi tena kwenye ukoo huu."

"Njoo! Njoo na lori, njoo na treni ukitaka!"

"Nje!" alisema Bibi Penseli. "Wote wawili. Mzee, tangulia. Wewe binti, subiri kwanza, hujasaini."

Kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile, hata ukitaka kufa usaini kwanza. Nyuma ya kila jalada pamegundishwa kadi, na kila aliyelisoma anaandika tarehe na kuweka sahihi yake. Cheche akaligeuza jalada la babu yake.

Kadi ilikuwa na sahihi mbili tu.

Ya juu hakuhitaji kuuliza. Ile mikunjo na ule mstari wa chini wa kujivuna aliuona kwenye ripoti zake zote za shule. Mwalimu mkuu. Kumbe alishafika! Alishasoma kila neno, akarudi nyumbani, akaendelea kugonga meza.

"Ulijua," alisema Cheche. "Miaka yote hii ulijua."

Baba Mkubwa alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka.

"Nilikuja kumtafutia baba yangu hati ya askari mkongwe, nikakuta hayo. Ningefanyaje? Baba alikuwa hai, anakula mezani kwangu. Nimvue nguo mbele ya watu?" Akameza mate. "Na kabla hujanitukana tena, soma jina la chini yangu."

Cheche akasoma.

Herufi moja tu, na mkia mrefu unaopinda kama ndoano. Sahihi ya mtu asiyependa kuandika. Sahihi ya baba yake mzazi.

Tarehe ile ile. Walikuja pamoja.

Na tarehe yenyewe! Cheche alikuwa bado mwanafunzi. Bibi alikuwa hai. Kila jioni Bibi alikuwa akitoa viti viwili vya miguu mitatu, anaviweka mlangoni, anakaa kimoja, kingine kinabaki kitupu mpaka giza liingie. Watoto walipouliza waliambiwa ni cha Babu, siku atakayorudi. Kumbe mtoto wake wa kumzaa alikuwa anajua kwamba hakuna wa kurudi, na akamwacha mama yake akae hapo, jioni baada ya jioni, akitazama barabara.

Cheche alisaini. Aliikandamiza penseli mpaka ikavunjika. Bibi Penseli aliitazama, akafungua kinywa, akakifunga.

Njiani hakuona mtu. Waliomsalimia aliwapita. Hasira aliyotoka nayo ilikuwa ya mtu mmoja, sasa ilikuwa ya wawili, na huyu wa pili ndiye aliyemuuma zaidi.

Alimkuta baba yake nyuma ya karakana, kwenye kivuli cha lile geti, shuka begani, akiwachambulia kuku mchele.

"Umerudi mapema," alisema mzee.

"Baba, ulikwenda kule. Wewe na Baba Mkubwa. Nimeiona sahihi yako."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya sinia. Kuku waliendelea kudonoa.

"Basi umefika," alisema.

"Nimefika! Na nimeona aibu kuwa mwanao! Watu wamekutemea mate, unajua ukweli, unajifuta na kuondoka! Sawa, hayo ni yako. Mimi wamenizomea, sawa, nimekuwa sugu. Lakini Bibi? Mama yako aliyekuzaa, Baba! Ulimwachaje anakaa pale mlangoni anamngoja maiti? Una moyo wa aina gani wewe?"

Mzee aliweka sinia chini. Aliposema, hakuwa na sauti ya kujitetea, alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kubeba.

"Nani kakwambia bibi yako alikuwa hajui?"

"Alijua?" Cheche akauliza.

"Nilimwambia jioni ile ile, hata viatu sijavua. Alilia kidogo, hakulia sana. Nikamwambia, mama, kesho nakwenda kuita watu, nalisema hili hadharani. Akanikataza. Akaniapisha. Akasema shemeji yake ndiye aliyesema uongo, na shemeji yake ndiye atakayekuja kuufuta, kwa mdomo wake. Hataki kusikia kwa mwingine."

"Na kiti? Kila siku alimwekea Babu kiti!"

"Hayo tuliwaambia nyinyi watoto. Kile kiti hakikuwa cha babu yako, mwanangu. Kabla ya jioni ile kilikuwa chake, ndiyo. Toka jioni ile kilikuwa cha Babu Mkubwa. Alimwekea aje akae, aseme. Kila siku yule mzee anapita barabarani, anaona kiti, anapunga mkono, anapita. Anajua kabisa kimewekwa kwa nini. Amepita hivyo mpaka mama akafa." Mzee alifuta macho kwa pindo la shuka. "Alipoona hamna mtu anayekuja, ndipo akakutuma wewe."

Cheche alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani. Baba yake? Babu Mkubwa aliye kaburini? Au yule Bibi mwenyewe aliyempenda kuliko watu wote, aliyewaacha wote watukanwe?

"Kwa hiyo mimi nimeitwa mjukuu wa mtoro maisha yangu yote," alisema, sauti ikikatika, "kwa ajili ya kiti?"

"Ndiyo," alisema baba yake. "Na mimi niliona ni upumbavu, kama wewe. Lakini niliapa."

Honi ikalia barabarani. Mara ya kwanza fupi, mara ya pili ndefu, ya mtu mwenye haraka. Cheche akachungulia kwenye upenyo wa mabati. Lori lilikuwa limesimama mbele ya karakana, vijana wawili wa ukoo wamekaa nyuma na kamba. Baba Mkubwa alikuwa anashuka mbele, fimbo mkononi, ile saa ikimetameta kwenye jua.

"Amekuja kuchukua geti na nishani," alisema Cheche. Akainama, akaokota nyundo kubwa ya kazini. "Leo atanitambua. Wallahi leo atanitambua."

"Weka chini hiyo."

Hakuwahi kumsikia baba yake akiamuru. Nyundo ikashuka yenyewe.

Mzee aliinuka kwa kujishika ukuta, shuka likamdondoka begani, hakuliokota. Akaingia chumbani kwake. Aliporudi alikuwa amekumbatia viti viwili vya miguu mitatu, vimejaa vumbi, kimoja kimefungwa waya mguuni. Akaviweka mlangoni, kimoja kikitazamana na kingine, akakaa. Akapangusa kile cha pili kwa kiganja chake.

"Mfungulie," alisema. "Mwambie geti atalipata akishakaa hapa."